Nimegonga Harrier kwa nyuma Mikumi, ila yeye ndiye aliyefunga breki ghafla. Nilipe?

Msafiri wa Ipogolo: Wakuu, salaam. Juzi nikitoka Morogoro kwenda Iringa, ndani ya hifadhi ya Mikumi, Harrier iliyokuwa mbele yangu ilifunga breki ghafla kwa sababu ya swala. Nikaivaa. Taa, bampa na mlango wa nyuma vimekwenda. Mwenyewe anadai milioni moja na laki mbili. Mimi naona kosa ni lake. Usingizi sipati. Nilipe au nikatae?

Mzee wa Semitrela: Ulikuwa nyuma yake mita ngapi?

Msafiri wa Ipogolo: Umbali wa kawaida tu, mkuu.

Mama Wawili: Pole sana, cha muhimu uzima. Mume wangu aliwahi kugongwa na Fuso la nyanya pale Chalinze. Tangu siku hiyo nikipanda gari naangalia nyuma kuliko mbele.

Jogoo la Kihonda: Swala ameshaandika maelezo polisi? 😂

Mzee wa Semitrela: Kijana, nimeuliza mita.

Msafiri wa Ipogolo: Kama urefu wa gari moja hivi. Lakini nielewe, mzee wangu. Nyuma kulikuwa na basi linanipigia honi, na ukiacha nafasi watu wanachomekea. Wote tunaendesha hivyo.

Mzee wa Semitrela: Tuseme mle hifadhini ulikuwa kwenye 50. Kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, na mguu kutoka kwenye mafuta hadi breki waweza kumaliza sekunde nzima. Wewe uliacha mita nne, tano. Akifunga breki ghafla, nafasi hiyo inaweza kuisha kabla hujakanyaga! Gari la mbele likipita kibao au mti, hesabu taratibu, "mia na moja, mia na mbili". Ukifika pale kabla ya kumaliza, umembana. Kwa 80 hizo sekunde mbili ni mita 44. Mvua ikinyesha, zidisha mara mbili. Akichomekea mtu, legeza mafuta, nafasi itarudi. Mimi nikiwa na mzigo, breki za upepo zinachelewa kushika, halafu mtu wa saloon anajipenyeza mbele yangu. Inaniuma, kwa sababu najua sitaweza kumkwepa.

Mtumishi_TZ: Vijana mnakimbilia nini Iringa? Mheshimuni Mungu aliyewapa pumzi.

Wakili wa Kijiweni: Mimi sielewi hapa. Kwa nini unalipa kutoka mfukoni? Hata bima ndogo ingemlipa mwenye Harrier. Trafiki walisemaje?

Msafiri wa Ipogolo: Hatukuwaita. Bima ilikuwa imeisha, na gari ni la shemeji. Tukaandikishana palepale, nimeshamtumia laki nne. Niliona ndiyo njia ya amani.

Kibao cha Njia: Ngojeni. Alianza na "nilipe au nikatae", kumbe ameshalipa. Gari lilikuwa lake, sasa la shemeji. Mwanachama mpya, uzi mmoja. Huyu ni wakala wa bima anatutisha.

Jogoo la Kihonda: Kesho anatuma namba ya ofisi.

Msafiri wa Ipogolo: Wallahi siuzi chochote. Na sikusema gari ni langu, soma tena.

Mama Wawili: Hata kama ametunga, hesabu ya mzee nimeshamsomea baba watoto.

Wakili wa Kijiweni: Nachukulia ni kweli. Aliyegonga nyuma mara nyingi ndiye anayebeba lawama, na wewe umeshatia saini. Ukikataa leo, akaenda polisi, swali la bima litakuja kwanza. Usilipe bei ya mdomo, dai makadirio ya fundi na risiti, na kila unachotuma aandike amepokea. Gari lisitoke bila bima.

Mzee wa Semitrela: Shemeji anajua?

Msafiri wa Ipogolo: Bado. Anarudi Jumapili kutoka Mbeya. Liko kwa fundi wa bodi, nataka alikute limenyooka.

Mzee wa Semitrela: Mpigie sasa hivi. Kadi ina jina lake, polisi watamtafuta yeye.