Uanachama wa klabu ya padeli Dar: nilipe wa mwezi au niendelee kulipia kila mechi?

binti_mbezi

Habari za humu wadau, naomba ushauri kwa wanaocheza padeli (ule mchezo wa raketi kama tenisi, wawili kwa wawili, kiwanja kimezungushiwa kuta za kioo) hasa wa Dar maana nimekaa na hii karatasi ya bei na sioni pa kuanzia. Nilialikwa na wenzangu wa ofisini tukacheza, zamani nilikuwa nacheza tenisi kidogo, sasa huu mchezo umenikolea kwelikweli na nataka niucheze kwa uhakika mara mbili kwa wiki, siku za kazi baada ya ofisi na ikiwezekana na Jumamosi. Kazi yangu ni Posta natoka saa kumi na moja, naishi Mbezi Beach, na klabu ninayoiangalia iko upande wa Masaki kwa hiyo nikicheza kwanza hata ile foleni ya jioni nakuwa nimeikwepa.

Bei walizonipa ndo hizi. Asiye mwanachama analipa 25,000 kwa kichwa, saa moja na nusu, mkiwa wanne. Uanachama kamili ni 200,000 kwa mwezi, ukiwa nao unalipa 15,000 badala ya 25,000 af unaruhusiwa kubuku siku 14 kabla, wengine ni siku 3 tu. Kuna uanachama wa mchana 90,000, huo mwisho wake saa kumi alasiri. Na kuna kifurushi cha mechi kumi 210,000, unakitumia ndani ya miezi mitatu, zikizidi kimekufa. Dada wa mapokezi ananisisitiza nichukue wa kamili tena wa mwaka mzima nilipe kwa mkupuo nipate miezi miwili ya bure. Nyie mngechukua upi, na kuna cha kuuliza kabla sijatoa hela?

mpigaji_wa_kawe

Dada usilipe mwaka, kwanza tupige hesabu pamoja. Uanachama kamili unakuokolea 10,000 kila mechi, kwa hiyo ili 200,000 yako irudi inabidi ucheze mechi 20 ndani ya mwezi, na hapo ndo umetoka sare tu hujapata faida. Wewe unasema mara mbili kwa wiki, tuweke mechi 8. Ukilipia mojamoja ni 200,000. Ukitumia kifurushi ni 21,000 kwa mechi, yaani 168,000. Ukiwa mwanachama kamili ni 200,000 ya uanachama jumlisha 120,000 ya mechi, jumla 320,000. Wa mchana sahau, mtu anayetoka Posta saa kumi na moja atautumia lini.

Kwa hiyo kwenye huo wa kamili punguzo siyo unachonunua, unachonunua ni zile siku 14, na swali la maana ni je hizo siku 14 zinakupa nafasi kweli? Hapa ndo watu wengi hawaangalii. Muulize huyo dada viwanja ni vingapi na wanachama ni wangapi, akikwepa kujibu la pili endelea kumuuliza kwa upole mpaka ajibu au amwite meneja. Chukulia viwanja vitatu. Kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 3 na nusu usiku zinaingia mechi tatu za saa moja na nusu kila kiwanja, hiyo ni mechi tisa, watu 36 kwa jioni. Jumatatu mpaka Ijumaa nafasi 180. Wanachama 90 tu kila mmoja akitaka mara mbili kwa wiki wamemaliza jioni zote, hapo hakuna mgeni hata mmoja aliyeingia, hakuna darasa la kocha, hakuna bonanza la kampuni. Sasa klabu ikiwa imeuza uanachama 250, hizo siku 14 zako mnagombania watu wote mna siku 14, ikifika saa sita usiku nafasi zinafunguliwa na dakika chache tu Jumanne na Alhamisi zimeisha.

Jaribio rahisi lisilo na gharama, fungua apu yao leo uangalie jioni za siku tatu zijazo. Kama bado kuna nafasi saa 12 na saa moja usiku basi huhitaji uanachama hata kidogo, unabuku kama mgeni na unacheza. Kama zimejaa zote hapo ndo uanze kufikiria.

fundi_wa_kioo

Mkuu wa Kawe kamaliza upande wa hela, mi naongeza kitu kimoja ambacho kinaweza kugeuza hiyo hesabu yote: punguzo ni la kichwa chako au ni la kiwanja kizima? Kuna klabu mwanachama mmoja akibuku basi kiwanja chote kinashuka bei na wale watatu wananufaika. Ikiwa hivyo kwa bei zako mnaokoa 40,000 kila mechi, mechi tano zinarudisha uanachama, na mnaweza mkachanga wanne 50,000 kila mmoja jina likawa la mmoja wenu. Ila uliza na sheria ya wageni, wengine wanakwambia mgeni yuleyule asizidi idadi fulani kwa mwezi, wanajua huo mchezo wa kuchangiana.

La pili nenda ukakague viwanja kwa macho yako, usiende jioni taa zinapendezesha kila kitu, nenda mchana. Angalia zile nyasi za bandia zilizomwagiwa mchanga, pale mstari wa kuanzishia mpira na pale katikati, ndipo zinapokwisha haraka, ukiona pamekuwa na kipara na mchanga umekusanyika pembeni ujue hakuna anayepiga brashi, na utateleza. Wavu katikati unatakiwa uwe sentimita 88. Raketi nyingi zina urefu wa sentimita 45 na nusu kwa sababu ndo mwisho unaoruhusiwa, kwa hiyo simamisha mbili moja juu ya nyingine pale katikati, wavu unatakiwa uishie chini kidogo tu ya ncha ya raketi ya juu. Mi nishakuta wavu umelegea kiasi kwamba raketi ya pili nusu yake iko juu, na hapohapo wanauza uanachama wa mwaka. Klabu inayoshindwa kukaza mkanda wa wavu kila asubuhi haitabadilisha nyasi zikiisha.

La tatu, paa. Dar viwanja vingi viko wazi. Masika ikianza Machi mpaka Mei utakuwa unalipa 200,000 unaangalia mvua kupitia dirisha la ofisi. Kioo kikilowa mpira unateleza kwenye ukuta haurudi inavyotakiwa, na mpira wenyewe ukinywa maji unakuwa mzito mkono unauma. Kwa hiyo uliza mvua ikinyesha nusu saa kabla wanarudisha mechi au imekula kwako, na umeme ukikatika saa mbili usiku jenereta inawasha taa za viwanja au za mgahawa tu. Majibu yote wakuandikie WhatsApp, usikubali la mdomo.

mtoto_wa_ruwi

Assalaam alaykum. Mie nipo Muscat, huku padeli imeenea mno sasa, nakupa ya huku utaona zipi zinakufaa. Huku kinachotusumbua si mvua, ni joto, kuanzia Mei viwanja vya nje havichezeki mpaka usiku mwingi kwa hivyo wenye viwanja vya ndani vyenye kiyoyozi ndio wanaouza uanachama ghali na watu wanalipa. Nasema hivi kwa sababu ya jambo la kusimamisha uanachama. Uliza kama unaweza kuusimamisha mwezi mmoja bila kulipa, ukisafiri, ukiumwa, au Ramadhani. Mwezi wa Ramadhani ratiba yote inageuka, saa kumi na moja jioni viwanja vitupu, baada ya tarawehe ndio havishikiki mpaka karibu na daku. Mtu ana uanachama wa saa za jioni halafu saa hizo mwenyewe yuko jikoni anapika futari, pesa inakwenda bure.

Na dada yangu maadam unatoka kwenye tenisi, tazama kama uanachama una mafunzo ndani yake. Padeli ilianzia Acapulco kule Meksiko mwaka 1969, bwana mmoja akiitwa Enrique Corcuera alijenga kiwanja kwake chenye kuta, na mpaka leo ukuta ndio nusu ya mchezo. Watu wa tenisi wana mkono mzuri lakini mpira ukipita wanaukimbilia kuupiga kabla haujagonga kioo, wakati ilitakiwa wauache upige kioo urudi wenyewe. Darasa la kikundi mara moja kwa wiki litakusaidia kuliko punguzo la shilingi elfu kumi.

mama_wa_alhamisi

Naheshimu hesabu za wote waliotangulia ila mi nasimama upande wa uanachama na nitasema kwa nini. Huu mchezo unataka watu wanne. Kiwanja unaweza kukipata, watu je? Wenzako wa ofisini leo wapo, mwezi ujao mmoja kahamishiwa Dodoma, mwingine kajifungua, wa tatu kachoka, unabaki wewe na raketi yako. Nilipokuwa nalipia mojamoja nilikuwa nashinda kwenye simu natafuta wa nne mpaka hamu inaisha. Klabu yangu wanachama tuna grupu la WhatsApp kwa leveli na jioni ya Alhamisi ya kinadada, kocha ndo anapanga nani acheze na nani, mimi naenda tu na maji yangu. Nimepata marafiki pale ambao tumeshafika hadi kwenye misiba ya nyumbani kwao. Hicho kitu huwezi kukigawanya kwa elfu kumi kumi.

Kwa hiyo binti muulize dada wa mapokezi, hilo grupu lipo? Lina watu wa leveli yako? Maana wengine wanakuingiza kwenye grupu moja la watu wote, unaposti "natafuta wa nne saa 12" anakuja kaka anapiga smashi mpira unatoka nje ya uzio, hamfurahii wote wawili. Kama klabu inatumia apu kama Playtomic ile inayokupa namba ya leveli kuanzia 0 mpaka 7 basi angalia mechi za wazi za pale, kama wa kiwango chako wapo wengi uanachama una maana hata kama hesabu inakataa. Na angalia vyumba vya kubadilishia nguo na parking usiku, saa tatu na nusu mwanamke peke yako hilo siyo dogo.

binti_mbezi

Asanteni sana jamani, nimepita pale leo mchana na maswali yenu yote kwenye simu. Viwanja ni vitatu kweli. Idadi ya wanachama meneja amesema "mia na kitu" hakutaka kutaja kamili. Punguzo ni la kichwa changu tu. Mvua ikinyesha kabla ya mechi wanarudisha, ikinyesha mkiwa mmeshaanza hakuna. Kusimamisha uanachama inawezekana kwa wa mwaka tu, wa mwezi hapana. Wavu ulikuwa sawa nimepima na raketi za kukodi. Grupu la kinadada halipo ila kuna darasa la waanzaji Jumamosi saa moja asubuhi na hata asiye mwanachama anaruhusiwa, analipia pembeni.

Apu nimeangalia, kesho na keshokutwa saa 11 na saa 12 na nusu zimejaa, saa mbili usiku ziko wazi mbili.

Naona nichukue kifurushi. Wasiwasi wangu ni hiyo miezi mitatu na masika inakuja.

mpigaji_wa_kawe

Chukua kifurushi, mechi 8 kwa mwezi hata ukipoteza wiki tatu nzima kwa mvua bado kumi zitaisha kabla ya miezi mitatu. Hizo za saa mbili usiku ndo zako, kaa Masaki upate chai foleni ikatike, af utafika Mbezi barabara nyeupe. Muulize kama kifurushi kinakubali kutumika na watu wawili, unaweza ukalipia wewe na mwenzako mechi moja mkakatwa mbili, wengine wanaruhusu. Na hilo darasa la Jumamosi nenda, hapo ndo utawapata hao watatu ambao mama wa Alhamisi anawasema. Ukiona baada ya hapo unacheza mara nne kwa wiki na saa 12 na nusu huipati kabisa, rudi uchukue kamili wa mwezi mmoja kwanza.

mama_wa_alhamisi

Na mimi Jumamosi asubuhi huwa niko huru, ukikosa wa nne niandikie inbox dada, leveli yangu bado 2.