Naomba ushauri: kufunga saiti mbaya kwenye kompyuta ya nyumbani

Wakuu habari za jioni. Nina kompyuta moja pale sebuleni, Windows 10, tunatumia wote, mimi, mama watoto na madogo wawili wa miaka 13 na 9. Juzi nimetoka kazini nikafungua nicheki matokeo ya mechi, naandika herufi mbili tu, vitu vilivyojitokeza pale chini jamani nilifunga fasta maana bi mkubwa alikuwa nyuma yangu anachambua mchele.

Nikaingia kwenye lile faili la hosts, lile linaloiambia kompyuta saiti ipo anwani gani, nikaandika saiti kama kumi nikazielekeza 127.0.0.1, yaani kompyuta yenyewe, zikagoma kweli, nikajiona fundi. Wiki haijaisha yule dogo wa miaka 13 kafuta mistari yote, kumbe wote tunaingia kwa akaunti moja ya admin, uzembe wangu huo. Sasa nimemfungulia akaunti ya kawaida na pasiwedi nimebadili, ila saiti zenyewe nyingi, utaziandika moja moja mpaka lini?

Jamaa mmoja kasema niweke DNS (ile inayotafuta anwani za saiti) ya Cloudflare ya familia, inayozuia saiti za kikubwa, kwenye ruta, 1.1.1.3 na 1.0.0.3, ishike mpaka simu. Waliowahi kutumia, haisumbui vitu vya shule? Na akibadili DNS humo humo ndani ya Chrome si anaikwepa? Ile Family Safety ya Microsoft ya kulinda watoto inachuja kwenye Edge, kivinjari chao wenyewe, na huyu dogo Edge hata haigusi.

Na kuongea naye je, mlianzaje? Mwenzenu kila nikikohoa niseme, naishia kumuuliza kama amekula.