Mjadala: Swaumu ya Arafa, tufuate Makka au tarehe 9 yetu?

Mleta mada (Mwanjelwa, Mbeya): Assalaam aleykum. Hili la kufunga tarehe 9, siku moja kabla ya Idi ya kuchinja, tulizungumze kabla Mfungo Tatu, mwezi wa hija, haujaandama, maana ukishaandama hatusikilizani tena. Mwaka 2024 mahujaji walisimama Arafa, uwanda wa karibu na Makka, Jumamosi, 15 Juni, ndiyo tarehe 9 yao, Saudia wakachinja Jumapili. BAKWATA, baraza kuu la Waislamu Tanzania, ikatangaza Idi Jumatatu. Nyumbani kwetu kaka alichinja Jumapili, siku ambayo mama kafunga Arafa yake. Supu inachemka, mwenye nyumba ana swaumu! Na kufunga siku ya Idi ni haramu, wote wanajua. Wakaota moto jiko moja, baridi ya Juni mnaijua, bila kusemeshana.

Mimi niko na mama. Kurayb aliuona mwezi wa Ramadhani huko Sham (Syria) usiku wa Ijumaa, Madina wakauona usiku wa Jumamosi, na Ibn Abbas, sahaba wa Mtume aliyekuwa Madina, hakufuata wa Sham. Hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim.

Uyole: Ndugu yangu, hiyo ni Ramadhani. Arafa ni mahali na kisimamo. Jumapili ile mahujaji walikuwa Mina wanarusha mawe, na simu zetu zinatuonyesha. Mama alifunga Arafa ya nani?

Tunduma: Ninyi wa mwezi wa kitaifa, mnaofuata mwezi ulioonekana nchini tu, nijibuni. Nikivuka barabara hapa niko Nakonde, Zambia. Dar ni safari ya kutwa na zaidi, jua lao huzama dakika 20 hivi kabla ya letu. Sasa mwezi wa Dar unanihusu, wa Nakonde haunihusu? Unagongewa pasipoti mpakani?

Mleta mada: Hapo umenibana, sheikh wangu. Mpaka walichora wakoloni, nakubali. Lakini hata Oman wanapakana na Saudia, na mwaka huohuo walichinja Jumatatu. Hoja yangu si falaki, hesabu za mwezi na nyota, ni jamaa, Waislamu kwenda pamoja. Tirmidhi kapokea hadithi kwamba Idi ya kuchinja ni siku mnayochinja, ninyi, kwa wingi wenu. Kila mmoja akijitangazia mwezi kwenye simu, msikiti mmoja utakuwa na Idi tatu.

Uyole: Wingi upi? Umma ni wa dunia nzima.

Mama wa Iringa: Wanangu, mnabishana mwezi wakati kilichowagombanisha ni mbuzi. Udhiya, mnyama wa Idi, unachinjwa mpaka tarehe 13. Kaka yako afunge Jumamosi na mahujaji, Jumapili mbuzi abaki kambani, achinje Jumatatu. Kwake ni tarehe 11, kwa mama yenu ni 10, na udhiya umesihi kwa wote wawili. Kwangu tunafanya hivyo, mume wangu ni wa mwezi wa kimataifa, anafuata Makka, mimi sivyo.

Mleta mada: Shikamoo mama. Hilo nampelekea leo hii. Na swala ya Idi je?

Mama wa Iringa: Marahaba. Akaswali Jumapili na wenzake uwanjani. Akirudi asidai chai.