Hataza ya miaka 20 kwa kila nchi: nani analipa, nani ananufaika?

Wadau, naleta hoja hii kwa sababu inanikera. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaohusu haki za wabunifu, ulioanza 1995, unazitaka nchi wanachama zitoe hataza (haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wake) isiyopungua miaka 20, ingawa nchi maskini kabisa zimeongezewa muda. Naupinga. Uholanzi ilifuta hataza 1869, ikazirudisha 1912. Marekani haikulinda vitabu vya waandishi wa nje hadi 1891. Waliiga kwanza, walipopata cha kulinda wakafunga mlango.

Tazameni India. Sheria yake ya 1970 ilikataa hataza ya dawa yenyewe, ikaruhusu ya njia ya kuitengeneza tu. Hadi 2005, kiwanda cha huko kikibuni njia nyingine, kiliweza kutengeneza dawa ileile kihalali. Ndipo 2001 kampuni ya huko ya Cipla ikatangaza dawa za UKIMWI kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, huku zenye hataza zikizidi dola 10,000. Watu walikuwa wanakufa kwa ajili ya hiyo tofauti.

Mchangiaji: Ndugu, dawa hizo Cipla haikuzigundua. Kuna waliogharimia majaribio ya miaka na miaka, mengi yakiambulia patupu. Kila nchi ikingoja jirani alipe, kesho mtaiga nini? Halafu mkataba unaruhusu leseni ya lazima: serikali inakipa kiwanda kingine ruhusa bila ridhaa ya mwenye hataza, naye analipwa fidia.

Mtoa hoja: Kwamba utafiti lazima ugharimiwe, hapo umenishika. Ila leseni hiyo inaifaa nchi yenye viwanda vya dawa. Isiyo navyo iliwekewa utaratibu wa kuagiza nje Agosti 2003. Rwanda ikawasilisha taarifa ya kutaka kuagiza Julai 2007, na shehena ya kwanza ya dawa ikaondoka Kanada Septemba 2008. Mgonjwa gani anasubiri miezi 14?

Na huo utafiti unafuata mwenye pesa. Wagonjwa wa malale, wengi wao wanakijiji wa Kongo, kwa miongo walitibiwa kwa melarsoprol, sindano yenye sumu ya aseniki iliyoua baadhi yao. Vidonge vya fexinidazole vilivyopata kibali 2018 vilitokana na juhudi za DNDi, shirika lisilotafuta faida, likishirikiana na kampuni ya dawa ya Sanofi, kwa fedha za serikali na wahisani. Nijibu hapo: miaka 20 ya hataza iliwasaidia nini watu wale?