Status Quo: nianzie albamu ipi, na ule mdundo wa gitaa unapigwaje?

MpendaRekodi: Wakuu, Status Quo, bendi ya roki ya Uingereza, nawajua kwa "In the Army Now" tu. Kila mtu anawaita wafalme wa boogie, ule mdundo wa roki wa kujirudiarudia, ila kwenye wimbo huo boogie siisikii. Nianzie wapi? Na anayejua gitaa anieleze ule mdundo.

Santuri72: Huo ni wa 1986, umetungwa na ndugu wawili Bolland wa Uholanzi. Kikosi cha asili kilishavunjika: John Coghlan wa ngoma aliondoka 1981, na Alan Lancaster wa besi wakaachana naye baada ya tamasha la hisani la Live Aid la 1985. Usianzie 1968 pia, maana "Pictures of Matchstick Men" ni saikedeliki, roki ya sauti za kindotondoto. Boogie inachomoza kwenye Ma Kelly's Greasy Spoon (1970), inakolea kwenye Piledriver (1972) na Hello! (1973). Ukimaliza hizo, weka Live! (1977), iliyorekodiwa ukumbi wa Apollo, Glasgow. Hapo ndipo utawaelewa.

Nyuzi6: Mdundo anza na kodi ya A. Uzi wa 5 (wa 6 ndio mnene kuliko zote) uache wazi, kidole cha shahada kikae uzi wa 4, freti ya 2 (nafasi ya pili kati ya vijiti vya chuma vya shingoni). Charaza mara mbili, kidole cha pete kibane freti ya 4, charaza mara mbili, rudi. D ni hivyohivyo kwenye uzi wa 4 na wa 3, E kwenye wa 6 na wa 5. Piga kwa kushuka tu, nyuzi mbili tu. Ubavu wa kiganja uguse nyuzi pale zinapotokea kwenye daraja, kile kipande kinachozishikilia kwenye mwili wa gitaa. Ukiusogeza mbele, noti inakufa. Disto (mkwaruzo wa sauti wa amplifaya) punguza, ikizidi noti mbili zinageuka uji. Na katika kila mapigo mawili la kwanza liwe refu kidogo, ukiyalinganisha boogie imepotea.

MpendaRekodi: Shukrani sana. Na G, ambayo haina uzi wazi wa kuanzia?

Nyuzi6: Uzi wa 6 freti ya 3, wa 5 freti ya 5, kidole kidogo kifike ya 7. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo ya gitaa, kikichungulia juu hufiki.

Santuri72: Ukisikiliza, mfuatilie Rick Parfitt, yule wa gitaa jeupe la Telecaster. Francis Rossi ndiye anayeimba nyingi na kupiga solo, lakini injini ni Parfitt. Alifariki Desemba 2016, nafasi yake akashika Richie Malone, na Backbone ya 2019 ni albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya bila yeye.