Simbilisi wangu wanalowa masika haya, nifanyeje? (Lamu)

Mama Zuhra, Langoni

Assalamu alaykum jamaa. Nina simbilisi watatu, wote wa kike. Wengine huwaita panya wa Guinea. Mjomba wake Zuhra alituletea kutoka Mombasa mwezi wa 12, ndani ya kikapu, safari nzima ya basi na boti. Banda lao nimeliweka kwenye kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, pembeni, ambapo dari ya juu imetokeza kidogo. Kaskazi yote hawakunipa taabu.

Tangu mwezi wa 4 mambo yamegeuka. Hii mvua ya kusi haianguki wima, inakuja kwa ubavu na upepo wake, inapiga ukuta na kurudi ndani ya banda. Nikanunua turubai la nailoni nikalifunga pande zote nne mpaka chini. Asubuhi nikilifungua, ndani yake linatiririka maji, na harufu ya mkojo inachoma macho. Chini nawatandikia magazeti na unga wa msumeno ninaopewa na fundi wa milango hapa jirani.

Mdogo wao, Karafuu, anapiga chafya tangu juzi. Tumbo lake lina unyevu na manyoya yamesimama. Anakula, ila polepole. Zuhra ana miaka 9 na usiku anaamka na tochi kwenda kumtazama, nami simkatazi.

Kuwaingiza vyumbani siwezi, mama mkwe ana pumu na tuna paka wawili wakali. Nilifikiria kuwawekea balbu wapate joto, lakini umeme ukikatika je? Hapa mjini punda wana kliniki yao tangu 1987, lakini wa simbilisi sijui nimuendee nani. Nisaidieni.

Pwani_Tu

Weka jiko la makaa karibu na banda usiku, hata baridi ya mwezi wa 7 hawataisikia. Bibi yangu alikuwa akiwafanyia hivyo vifaranga.

Fundi wa Matondoni

Dada pole, na mpe pole mtoto.

Mimi kazi yangu ni majahazi, wanyama siwajui sana, lakini maji na upepo nawajua. Turubai lako ndilo linalowalowesha. Wanyama watatu wanapumua na kukojoa usiku kucha mle ndani, ule mvuke hauna pa kutokea, unagonga nailoni na kushuka kama umande. Ukiziba kabisa umewafungia maji ndani. Lifungue leo.

Sasa fanya hivi. Kusi inatoka kusini na kusini mashariki. Upande huo, mgongo wa banda, uwe mbao tupu, zibanane, bila nafasi. Mlango wenye wavu uangalie kaskazini. Juu kabisa chini ya paa acha uwazi wa vidole vinne mbele, hewa chafu itoke. Paa liwe la makuti yaliyoshonwa kwa kubanana, liinamie nyuma, na litokeze kwa mbele urefu wa mkono mzima toka kiwiko. Watu hufanya paa linaloishia sawasawa na ukuta, halafu wanashangaa mvua imeingiaje.

Banda liinuke kutoka chini kama sentimita 40. Sakafu ya kiwanda cha nyumba ya mawe na chokaa hushika maji siku nzima baada ya mvua, utaona hata ukuta wake unatoka jasho. Vipande vinne vya boriti ya mkoko vinakutosha kwa miguu, havioziki upesi. Kila mguu uusimamishe ndani ya mkebe wenye maji, siafu wasipande. Kwenye masika siafu huhama, na mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia.

Mwezi wa 11 kaskazi ikishika, geuza banda zima. Ndiyo maana nakwambia usiligongomee ukutani.

Mfugaji, Malindi

Mama Zuhra, nimesomea mifugo na nimefuga simbilisi miaka sita. Nianze na Karafuu, mengine baadaye.

Chafya, manyoya kusimama na kula polepole ni dalili za mapafu kuanza kuugua. Huyu aone daktari wa mifugo leo au kesho, usingoje wiki. Akiacha kula kabisa kwa nusu siku, hiyo ni dharura, kwa sababu tumbo la simbilisi likisimama halirudi kwa urahisi. Na nakuomba sana: usimpe dawa ya watu iliyobaki nyumbani. Amoksilini na jamaa zote za penisilini huua bakteria wema wa tumbo lake, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Daktari mwenyewe mkumbushe, wengi huku wamezoea ng'ombe na mbuzi.

Unga wa msumeno utoe wote. Vumbi lake linaingia puani, na ukilowa unashikana tumboni. Rudi kwa fundi huyohuyo umwombe maranda, yale makubwa yanayojikunja kutoka kwenye randa, ya mbao isiyo na harufu kali. Tandika magazeti, juu yake maranda, juu kabisa nyasi kavu nyingi hadi wajifukie. Kona wanayokojolea izoe kila siku. Hiyo harufu inayokuchoma macho wewe, wao wako nayo sentimita tano kutoka puani.

Nyasi ndizo kazi kubwa ya masika. Pale Lamu nyasi za punda zipo, nunua ukiona jua, uzianike darini siku nzima, kisha uzitundike jikoni ndani ya gunia la katani. Zenye ukungu tupa, hata kama ni nyingi.

Mwili wao, kama wetu sisi, hauwezi kutengeneza vitamini C. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na mgonjwa zaidi. Kipande cha pera au cha hoho kila siku kinatosha. Parachichi usiwape kabisa.

Jiko la makaa hapana, ndugu Pwani_Tu. Moshi na ile hewa yake isiyo na harufu huua hata watu waliolala.

Mwamu wa Leicester

Dada, mimi ni wa Mkomani, niko Uingereza mwaka wa kumi na moja. Wanangu wana simbilisi wawili. Huku mwezi wa 1 maji ya chupa yanaganda, kwa hiyo joto likishuka chini ya nyuzi 15 tunawahamishia gereji isiyowekwa gari. Wana kisanduku cha kulalia kilichojaa nyasi kavu, na usiku wa barafu tunaweka chupa ya maji moto iliyofungwa taulo.

Nakueleza haya ili usiyaige. Lamu usiku wa kusi ni nyuzi 23 au 24, mnyama mkavu hahitaji joto la kuongezewa. Ikipita 26 wanaanza kuteseka, na balbu ndani ya banda dogo inaweza kuwaua mchana jua likitoka. Chukua hicho kisanduku tu, uwatengenezee kila mmoja nafasi ya kujificha ndani yake.

Mama Zuhra, Langoni

Jamaa, Mungu awalipe. Leo ni siku ya tisa.

Daktari alipatikana siku ileile, nikamwambia habari ya penisilini, akampa sindano nyingine kwa siku tano. Karafuu chafya imekwisha tangu Jumatatu. Tunampima kwa mizani ya unga kila asubuhi: alikuwa gramu 610, akashuka 580, leo ni 625. Zuhra anaandika kwenye daftari la hesabu.

Banda kaka yangu amelijenga upya kama Fundi alivyosema. Jana usiku ilinyesha kutoka isha mpaka karibu na alfajiri. Nilipoamka kuswali nikatia mkono chini ya nyasi mpaka kwenye magazeti, pakavu, isipokuwa ile kona yao. Wote watatu walikuwa ndani ya sanduku la majani ya chai, pua nje.

Fundi, nina swali moja: mikebe ya maji si itazaa mbu?

Fundi wa Matondoni

Itazaa. Dondoshea mafuta ya kupikia kidogo juu ya maji, na uyabadilishe kila Ijumaa.