MJADALA: Jina "Dodoma" kwenye chupa ya mvinyo lilindwe kisheria au liachwe huru?

Wakuu, naleta hoja jamvini. Je, jina Dodoma liruhusiwe tu kwenye mvinyo ambao zabibu zake zimelimwa na kukamuliwa Dodoma, kama Wafaransa walivyolilinda jina la Champagne? Mimi nasema ndiyo, ila si kwa sababu ile inayopigiwa debe.

Inayopigiwa debe ni "urithi wetu". Hapo twende taratibu. Wagogo, wenyeji wa Dodoma, walikuwa na mtama na pombe yake. Mzabibu uliingia Bihawana, hapo hapo Dodoma, miaka ya 1950 na wamisionari wa Kiitaliano waliohitaji divai ya misa. Baadaye serikali ikaanzisha DOWICO, kampuni ya umma ya mvinyo, nayo ikafa kama mashirika mengi ya umma ya zama zile, mkulima akabaki na zabibu zake hana wa kumuuzia. Kwa hiyo kama kuna urithi, ni wa watu wa Mpunguzi, Mbabala na Hombolo ambao hawakung'oa miche soko lilipokufa. Tusiwasahau halafu tukaimba urithi kwenye maonesho ya Nane Nane.

Sababu yangu ni nyingine: zabibu ya Dodoma ina tabia yake, na tabia hiyo inatoka kwenye jua na mkasi. Ulaya mzabibu hulazwa na baridi. Huku baridi ya namna hiyo haipo. Mkulima ndiye anayeupumzisha, kisha anauamsha kwa kuupogoa. Ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka. Zao la Agosti na Septemba huiva kiangazi, punje zimejaa sukari. Zao la Februari na Machi huiva mvua zikiwa bado zinanyesha. Geuza jani uone utando mweupe wa ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, na mwenye shamba anazunguka na bomba la dawa mgongoni. Mbegu ni ileile, iwe Makutupora nyekundu au Chenin Blanc, lakini mvinyo unaotoka ni mwingine kabisa. Niambieni, mmeona chupa ngapi zimeandikwa zabibu zilivunwa msimu gani?

Kuhusu utamu, najua wapo wanaocheka mvinyo wetu kwamba ni juisi ya wakubwa. Wacheke. Watanzania wengi wanapenda mvinyo mtamu na hawamkosei mtu. Tatizo ni pale utamu unapotoka kwenye mfuko wa sukari ya dukani, halafu lebo ina picha ya shamba.

Wapo watakaosema mbona kodi inatosha, kwa kuwa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani unatozwa ushuru mdogo. Ni kweli, na ni msaada mkubwa. Ila sheria hiyo inamlinda mkulima dhidi ya zabibu za nje. Haisemi lolote kuhusu nani aandike Dodoma.

Hoja inayonipa shida ni ya wasindikaji wadogo. Wengi wanakamua wenyewe, wanahifadhi mchuzi wa zabibu kwenye mapipa ya plastiki na kuusubirisha hadi mnunuzi mkubwa aje na tangi. Tukileta masharti ya kukagua hadi ukuta wa chumba, hao ndio wataondoka kwanza, na jina litabaki mikononi mwa viwanda viwili vitatu. Ningependa tuanze na mambo mawili tu kwenye lebo: zabibu zimetoka kijiji gani na msimu gani. Mchuzi ukipelekwa Dar kufungashwa, sawa, bora waandike hivyo. Usafi na viwango vibaki kazi ya TBS.

Halafu kuna bei. Kama zabibu zinanunuliwa kwa kilo bila kujali sukari, mkulima ana sababu gani ya kuziacha wiki moja zaidi kwenye mti huku ndege wanazila? Sheria ya jina bila bei inayofuata ubora itamnufaisha mwenye lebo peke yake.

Wanaopinga karibuni, ila msije na "nani anajali". Na wakulima mliomo humu: kiwanda kikija na kile kipimo cha sukari, zilizozidi mnaongezewa bei, au kinatumika kukataa mzigo tu?